Pumua Haraka, Usiache

…na kitendawili kilichomshinda miaka yote hii ni hiki, kwamba aliweza kubeba jora la kitambaa begani mpaka ghorofa ya juu kabisa, kile kizito cha mapazia ya kuzuia jua, akafika anahema, jasho linamtiririka, na moyo wake umetulia tuli, halafu jioni, ameketi kitini, hana mzigo wowote ila maneno ya wifi yake, moyo huohuo ukakamuliwa kama nguo mkononi mwa dobi… “Haraka zaidi, dada, vuta ndani, toa nje, usiache,” anasema nesi, naye anavuta, anatoa, kifua kimebandikwa nyaya tele, karatasi inatoka mashineni polepole na mistari yake, na mumewe amesimama ukutani, mikono nyuma, vilevile anavyosimama nyumbani, ndiyo maana mafundi anaoshona nao mapazia wamembatiza mume huyo Refa, ugomvi ukizuka husikiliza pande zote mbili kwa utulivu, kisha kadi humwangukia mkewe… mgonjwa gani huyu, alisema wifi mbele ya wageni, ngazi anazipanda kama mbuzi, ukimwambia neno moja tu anakata roho, watu wakacheka, na yeye nusura acheke, kwa sababu lilikuwa kweli, hapo ndipo palipouma, mpaka usiku mmoja akaanza kujishuku, labda najifanya bila kujijua, labda mimi ndiye mwongo na kifua changu ni shahidi niliyemhonga… “Usipunguze, mama,” anasema daktari, mwanamke mwembamba mwenye miwani, “nataka asidi ya damu ishuke,” na tangu asubuhi amemweleza bila haraka, ukibeba mzigo mwili unafanya kazi, damu inaongeza asidi kidogo, mishipa ya moyo ikiihisi inatanuka, damu inapita tele, ndiyo maana ngazi hazikudhuru, lakini ukipumua mno unatoa hewa chafu kupita kiasi, asidi inapungua, na mishipa ya watu wengine, kama yako labda, hujikunja, damu ikakosa njia… hujikunja, naye akaliona pazia likivutwa uzi wa juu mpaka upana wote ukawa ngumi moja ya kitambaa… kumbe, miaka yote, kumbe, na nani aliyekuwa akimpiga mgongo taratibu kila akibanwa, akimwambia vuta pumzi, mke wangu, vuta nyingine, nyingine tena, kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia mbaya, maskini, hata dawa alikwenda kununua na mvua inanyesha, na kila pumzi aliyomhimiza ilikuwa inauvuta uzi uleule… wema nao huua, na aliyeuawa hana hata wa kumshtaki… midomo inamfa ganzi, vidole vinamchonyota, daktari alisema itakuwa hivyo, sindano ya kutanua mishipa iko tayari kwenye trei, lakini kifua bado kimya, jamani, kimya, leo ndiyo leo na moyo umechagua kuwa na adabu, njoo, anauambia, bana, bana hata kidogo tu, mistari ile ipande wote waone, mtu mzima na akili zake anaomba maumivu kama wengine wanavyoomba mvua… “Daktari, samahani,” anasema mumewe kule ukutani, “kwa hiyo akizuia hasira, akanyamaza tu, hapatwi na kitu?” “Sikusema hivyo. Nimesema mishipa yake ni myepesi kubana.” “Lakini dawa ya kwanza si kunyamaza?” “Dawa ya kwanza ni vidonge, baba.” “Sawa, vidonge, na kunyamaza,” anasema, na sauti yake ina faraja, faraja ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta… basi ndivyo, anawaza, akivuta, akitoa, mistari isipopanda mimi ni mwongo, ikipanda nimejitakia, nyumbani wifi ataambiwa kumbe ni pumzi zangu mwenyewe, na watanyamazishana kwa niaba ya moyo wangu, mimi nikiwa wa kwanza kunyamazishwa, na ushahidi nilioulilia miaka yote nimeuleta mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamkabidhi mume wangu… wala si mtu mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi… na kitu ndani yake kinaacha kuomba, ghafla tu, hakiombi mistari ipande wala ishuke, kubanwa au kutobanwa ni habari ya kifua hiki na huyu mwenye miwani… “Daktari,” anasema, neno moja kwa pumzi moja, “majibu… nipe… mimi… peke yangu.” “Na mzee hapa?” “Asubiri… nje.” “Mke wangu, tumekuja wote,” anasema mumewe, wala hajakasirika, ameshangaa tu, na mshangao ule karibu umrudishe nyuma, karibu, lakini hana pumzi ya kuomba radhi, zote zina kazi… daktari anamtazama, anarekebisha miwani, “Ni haki yako, mama, usiongee tena, pumua,” na nesi ndiye aliyekwenda kufungua mlango, akaushikilia, akasema, “Shemeji, tupishe kidogo,” akangoja mpaka mume alipotoka, akaufunga.