Pipa Lililonyamaza

Mama Pipa alibandika sikio kwenye mbao, akasikiliza. Nyuma yake alisimama mwanawe, mikono mfukoni, pamoja na mkewe, bibi harusi ambaye haya yalikuwa mavuno yake ya kwanza katika nyumba hiyo.

"Limenuna," mama akasema.

Zabibu zilizopondwa zililala humo tangu juzi. Kwa kawaida pipa lile kuukuu lingekuwa limeshaanza kunguruma kama tumbo lenye njaa, maganda yamepanda juu, na chumba kizima kinanukia. Leo hata povu halikuwapo. Zikiendelea kulala hivyo zitaoza, na mle ndani mlikuwa na mavuno yao yote.

"Mama," mkwe akaanza. "Pipa nililisugua. Kwa magadi na maji ya moto. Ndani lilikuwa jeusi, nikaona aibu. Na zabibu... niliziosha, ndoo kwa ndoo."

"Uliziosha?" mumewe akadakia. "Zabibu za mvinyo?"

"Nikazisuuza na kuzisuuza."

Mama Pipa akaketi juu ya kreti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu, umezitakatisha utadhani unampelekea mgonjwa! Ule ukungu mweupe kwenye ganda ndio chachu yenyewe. Na ule weusi wa pipa ni chachu waliyoiacha babu za mumeo. Umewakogesha wote, wakaenda zao."

Mkwe hakujua acheke au alie.

"Basi tumwombe Kizibo," mwana akasema.

Kizibo alikuwa jirani wa shamba la juu, mfupi, mnene, akisimama mlangoni hapiti mtu. Katika bonde lile mwombaji wa chachu hanyimwi, ila mvinyo unaotoka huitwa kwa jina la aliyetoa. Wazee walikubaliana hivyo kwa sababu kila nyumba ilikuwa na ladha yake, na mnywaji mzoefu aliweza kuitambua akiwa amefumba macho. Mvinyo wa nyumba ya Mama Pipa haujawahi kuitwa kwa jina la mtu mwingine.

Habari ina miguu. Kabla ya adhuhuri Kizibo mwenyewe alifika na ndoo yake inatoa povu.

"Shemeji, nasikia kuna msiba hapa."

"Msiba uko kwako, unayekunywa ule unaoutengeneza. Weka hapo kivulini. Kesho jua likigonga dirisha na pipa bado limenuna, nitaimimina, na jina lako nitalitaja huku nimeziba pua."

Kizibo akacheka, akaweka ndoo.

Mama akamgeukia mkwe. "Nyuma ya jiko kuna mzabibu mkongwe tuliowaachia ndege. Kachume vichala vilivyobaki. Maji usiyasogelee."

"Mimi tena, mama?"

"Wewe. Mtu aliyeweza kulisugua pipa lile mpaka likang'aa, bidii yake naitaka upande wangu."

Akachuma vichala vidogo, vyenye vumbi, vingine vimedonolewa. Akaviponda kwa vidole ndani ya chungu, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka karibu na jiko, si karibu sana, kama mtu anavyomlaza mtoto mchanga. Kutwa nzima alikuwa akifunua na kufunika. Mama alimpitia mara kwa mara, akachungulia, akaguna, akaenda zake. Jioni vikatokea viputo vidogo kama macho ya samaki. Alfajiri kitambaa kilikuwa kimetuna.

"Mama! Kinapumua!"

"Usikipigie kelele. Kilete."

Mwana alikuwa ameshika mpini wa ndoo ya Kizibo. "Pipa limeanza kunukia siki," akanong'ona. "Tusicheze, mama."

"Nina pua, baba. Iache."

Mkwe akamimina chungu chote pipani, akakoroga mpaka chini, wakalizungushia magunia kulitia joto. Wakaketi. Hakuna aliyegusa chai. Mwanga ukaanza kupanda ukutani taratibu, ukafika kwenye fremu ya dirisha. Mwana akainuka.

Ndipo ganda moja likapanda juu. Likafuata jingine, kisha yakaja kwa mkupuo, yakishikana, yakifunika uso wote wa pipa.

Mama Pipa akachukua mti wa kushindilia maganda, ambao hakuna aliyewahi kuushika ila yeye tangu alipofiwa na mumewe, akampa mkwe. Akaushika kwa mikono miwili, akasukuma. Chini kule kitu kikausukuma mti kurudi juu.

"Kaza," mama akasema.