Jiwe Ambalo Ambrosio Hakuliona

Wiki tano nzima Rainiel Phipps hakuwa amekosea hata mpira mmoja wa besiboli. Kila mpira uliopigwa kati ya kituo cha pili na cha tatu pale uwanja wa mji wa San Pedro uliishia kwenye glovu yake. Klabu ya Marekani iliyomwajiri ilikuwa imemwambia waziwazi: kiangazi umetufanyia makosa ishirini na sita, nenda kwenu ukacheze msimu wa baridi, tukiona umetulia utarudi. Mtu wao alikaa jukwaani kila Jumapili na daftari lake, akinywa maji ya nazi.

Jumapili ya sita mrushaji alikuwa Ambrosio Lantigua, miaka thelathini na minane, kipenzi cha mji. Yeye na Rainiel walizaliwa Consuelo, kitongoji cha kiwanda cha sukari, na wote walijifunzia besiboli katika uwanja wenye mawe mengi kuliko majani. Huko, anayeona mpira unaelekea kwenye jiwe hupiga kelele, "Jiwe!" Hata mpinzani hupiga, maana meno yakishang'oka hayarudi.

Zamu ya saba mpira ulimjia Rainiel chini chini, kwa kasi. "Jiwe!" Ambrosio alipiga kelele. Mpira ukadunda, ukaruka juu ya bega lake, na wakimbiaji wawili wakafika kituo cha nyumbani: mikimbio miwili kwa wapinzani. Ubaoni likawaka neno moja: KOSA. Lingeandikwa pigo halali, mikimbio ile miwili ingemwangukia Ambrosio. Kwa kuwa liliandikwa kosa, mzigo wote ulimwelemea kijana, na mkubwa akabaki msafi. 

Mchezo ulipokwisha alipanda ngazi na viatu vyake vya uwanjani, kijiwe mkononi, hadi kibandani kwa karani wa mchezo, anayeamua lipi ni kosa na lipi ni pigo.

"Bwana Eulogio, mpira uligonga jiwe. Hili hapa."

Karani hakuinua uso kutoka kwenye sahani yake ya ndizi za kukaanga. "Mawe yamejaa tele nchi hii, kijana. Nitajuaje kama ndilo?"

"Ambrosio aliliona. Alipiga kelele!"

"Basi mlete aseme. Kosa naweza kulifuta hadi kesho saa nane mchana. Ikipita hapo, hata Papa hawezi."

Rainiel alimkuta Ambrosio chumba cha kubadilishia nguo, barafu begani.

"Kaka, twende juu ukamwambie karani ni jiwe."

"Jiwe gani, mdogo wangu? Mimi sikuona kitu. Jua lilikuwa machoni."

"Ulipiga kelele! Kwa mdomo wako mwenyewe!"

"Labda nilikohoa," Ambrosio alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Kukohoa! Mtu aliyetoka Consuelo, aliyeokoa meno yake na ya wenzake kwa neno lile, leo analiita kikohozi kwa sababu anatafuta mkataba wa mwisho. Kesho yake Rainiel alimsubiri langoni tangu asubuhi. Ambrosio hakutokea. Saa nane ikapita.

Alhamisi klabu ikapiga simu. Walimshukuru sana, lakini hawatamrudisha. Mtu wa makosa ishirini na sita, walisema, bado ni yuleyule. Kocha naye, aliposikia, akamweka benchi na kumpa nafasi yake mtu mwingine. Mama yake Rainiel alilia kwa hasira mpaka sauti ikamkauka. Rainiel hakulia. Aliapa kuwa Ambrosio hatasikia tena neno lolote kutoka kinywani mwake, hata salamu.

Jumapili iliyofuata Ambrosio alipanda tena kurusha. Rainiel alikuwa amekaa benchi, kidevu mikononi, akiomba kila mpira atakaorusha Ambrosio upigwe. Zamu ya tatu mpigaji akaurudisha mpira moja kwa moja kwa Ambrosio, ukitambaa chini. Mbele ya miguu ya mrushaji palikuwa na kijiwe cheupe.

"Jiwe!"

Rainiel alikuwa amekwisha kusimama kabla hajajua ni yeye aliyepiga kelele. Ambrosio akarudisha kichwa nyuma papo hapo. Mpira ukaruka, ukapita sikioni pake na kwenda zake.

Ambrosio akageuka taratibu kuelekea benchi, mkono shavuni. Alitaka kusema kitu.

"Umesikia, siyo?" Rainiel akamwuliza, kwa sauti ya kufika hadi kibandani kwa karani. "Au nimekohoa?"