Maharage ya Baraka

Msinihubirie subira. Nusu debe la maharage ndiyo mbegu pekee niliyobaki nayo, na watoto wanne wanaitegemea. Mwaka jana wadudu walinimalizia kiroba kizima. Safari hii Tomaso, bwana shamba wetu hapa Gitting, akaniambia niiweke mbegu kwenye friza la duka la soda siku tatu, wadudu wafe. "Lakini iwe kavu, Hilaria. Kavu kabisa!" Nikaitikia kama mwenye akili.

Jumapili ikawa baraka ya mbegu kanisani. Padri alinyunyiza matone tu. Mama mkwe wangu, Marieta, akaona hayatoshi. Tulipofika nyumbani akamimina dumu zima la maji ya baraka kwenye ndoo ya mbegu, akafunika. Kesho yake maharage yamevimba. Nikasema, nani atakataa baraka? Nikayapeleka friza hivyo hivyo.

Nilipoyatoa niliyaanika, nikafunga kumi kwenye kitambaa kibichi kuyajaribu. Leo siku ya sita, halijachipua hata moja. Yamelegea, yananuka. Tomaso alibonyeza moja, ganda likabanduka, akashika kichwa.

"Uliyalowesha?"

"Ni maji ya baraka!"

"Friza halijui baraka, dada. Mbegu kavu ina maji kidogo sana, yamebanwa kwenye vitundu vidogo mno. Humo barafu haina pa kujijengea, hata baridi iweje. Mbegu ikinywa maji, inajaa, yanaganda, barafu inaichana ndani. Hii imekufa."

"Yote?"

Akakifunga kitambaa, akanirudishia. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Halafu nikajichukia mwenyewe, maana yeye alisema kavu.

Mchana mvua ikashuka. Gitting nzima ikatoka na majembe. Mama mkwe akaja anacheka, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Si unaona? Mungu amesikia. Lete mbegu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Jamani, nilifungua kweli! Lakini ningesemaje, kwamba mkono wake ndio utakaotuua kwa njaa? Nikabeba ndoo.

Yeye anachimba, mimi naangusha mbili mbili, yeye anafukia kwa mguu huku anasali. Machozi yananitoka, na mvua inanisaidia kuyaficha. Mstari wa tatu akasimama, akapumua, akanitazama kwa upendo.

"Weka tatu tatu, mwanangu. Mwaka huu tusikose."

Nikaweka tatu.