Dole la Pili

"Washa tena," Massoudi alisema.

Mirindi, mchuuzi wa mawese wa Kinama, akacheka. Hela amekwisha kutoa, ufunguo uko mkononi mwake, na bado muuzaji anataka kusikiliza injini! Lakini akawasha. Peugeot ikakohoa mara moja, ikashika, ikanguruma sawasawa.

"Si umesikia? Iko muzima."

"Najua iko muzima. Ni mi niliifufua."

Miaka minne mzee wa watu alikuwa akiikusanya gari ile: mlango kutoka huku, taa kutoka kule, viti vya rangi mbili, injini iliyokuwa imetupwa nyuma ya gereji na kuku wakitagia ndani yake. Dinamo aliisuka mwenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ukitaja Massoudi pale Buyenzi utaulizwa, "Yule wa dinamo?" Anakaa juu ya kigoda chake, anazungusha waya wa shaba na kuhesabu kimoyomoyo, na ole wako umsalimie katikati! Hesabu ikimpotea anafumua yote, aanze upya. Waya wa dinamo haukatwi njiani ukaungwa. Utafanya kazi siku mbili, ya tatu utatoa moshi.

Na gari ile haikuwa ya biashara hata kidogo. Ilikuwa ya kumfuata Mwantum.

Mwantum ni binti yake wa pekee, mwalimu huko milimani, mwendo wa siku nzima kwa lori. Serikali ilimsomesha ualimu bure, kula na kulala juu yao, ila bure hiyo ilikuja na karatasi: afundishe miaka kumi popote atakapopelekwa. Akiacha njiani, arudishe elfu arobaini. Akishindwa, alipe mdhamini wake, yaani baba. Massoudi hakujua kusoma. Alitia dole gumba pale alipoonyeshwa, akarudi kwenye kibanda chake cha kazi, akapigilia msumari ukutani. Kila mwaka ulipokwisha aliuzungushia waya mara moja. Siku ya mzunguko wa kumi angeoga, angevaa kanzu, angepanda mlima na gari yake mwenyewe kumrudisha mtoto nyumbani.

Hata sasa mizunguko ilikuwa minne tu. Mama yake Mwantum alifariki katika ule wa pili, na mtoto akafika siku ya tatu, watu wamekwisha kutawanyika, kwa sababu lori lilikwama kwenye matope. Tangu hapo Massoudi alikula peke yake. Kila jioni aliosha sahani mbili, ya pili ikiwa safi, na ukimuuliza atakwambia ina vumbi. Alikuwa na hamu ya mtoto wake, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Ndipo Akilimali, fundi wa kuchomelea wa kibanda cha jirani, alipokuja na habari. Mgiriki mmoja mwenye duka la spea alitafuta mtu wa kupiga mashine barua zake za Kifaransa, naye alilipa elfu tisa kwa mwezi.

"Mutoto wako kule juu anapata ngapi?" Akilimali aliuliza.

"Elfu nne."

"Ee Mungu wangu! Tisa kwa nne, fundi! Rudisha pesa yao, mutoto ashuke. Miezi munane tu, arobaini yako imerudi. Dawa ya deni ni kulipa, si ni nyinyi Waswahili munasema?"

Massoudi alikesha na maneno hayo siku tatu, ya nne akamwita Mirindi. Na leo, Alhamisi, Peugeot ilikata kona ikaenda. Elfu arobaini na mbili zikaingia ndani ya sanduku la betri kuukuu, chini ya kitanda.

Jumamosi Mwantum akashuka kwa likizo, amekonda, viatu vimejaa udongo mwekundu. Kabla hata ya kukaa alichungulia uani.

"Baba, gari iko wapi?"

"Iko kwa fundi wa rangi," Massoudi akajibu upesi. Alitaka kwanza ale, ndipo amwambie. Alikuwa amepika wali na mukeke, samaki wa ziwani, mwenyewe, na moyo ulimdunda kama wa bwana harusi.

Wakala. Mwantum akanawa mikono, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Baba, niko na neno."

"Hata mi niko na neno. Anza we, we ndiye mugeni."

"Wamenichagua niendelee, chuo kikubwa cha hapa mujini. Miaka tatu. Nikitoka nafundisha sekondari. Elfu kumi na mbili kwa mwezi, Baba!"

Kumi na mbili! Mgiriki akalale. "Hapa hapa mujini?"

"Hapa hapa. Kila Jumamosi nitakuja kula kwako."

Massoudi alikuwa karibu kupiga kigelegele, mwanamume mzima. Lakini akaiona karatasi, na chini yake nafasi nyeupe. Nafasi ile aliijua.

"Na kisha?"

Mwantum akainamisha kichwa. "Kisha miaka tano, juu ya ile sita yangu. Watanipeleka kwenye watataka. Na deni inapanda. Nikiacha njiani ni laki moja. Nilipiga hesabu njia nzima ndani ya lori. Mara naona faida, mara naona hasara."

Kumi na moja. Massoudi alikuwa na miaka hamsini na minane. Ukiongeza na ile mitatu ya chuo, inafika sabini na miwili, na kwao hakuna mwanamume aliyewahi kuiona sabini.

"Wacha hesabu," alisema. "We unataka nini?"

"Nataka kusoma. Tangu nitoke shule sijashiba, Baba. Naona haya kukuambia, najua unakula peke yako. Ukisema apana, naichana, na sitanuna."

Asingenuna, wallahi. Hilo ndilo lililomtisha. Angetoa tu sanduku la betri, aseme nimekukomboa, na mtoto huyu angekaa kwa Mgiriki kupiga mashine mpaka azeeke, kila jioni akimpikia baba yake kwa uso mkunjufu.

"Na neno lako, Baba?"

"Langu? Nilitaka kukuuliza kama chumvi haikuzidi. Lete hiyo karatasi."

Mwantum akacheka, machozi yakimtoka. "Imezidi kidogo. Lakini wino nimesahau."

"Wino wa nini? Kidole hiki kiko na grisi ya miaka makumi tatu."

Akaliweka dole lake pale penye nafasi, akalikandamiza, akaliacha hapo.

"Inatosha, Baba," Mwantum alisema polepole.

Barabarani gari ikapita, ikakohoa mara moja, ikashika. Mwantum akainua kichwa.

"Baba! Hiyo si gari yetu?"

"Ya kwetu iko kwa rangi."

Massoudi alisikiliza injini mpaka ikapotea upande wa Kinama. Haikukatika hata mara moja. Mwantum akamtazama, akatazama na uani palipo patupu. Kisha akakusanya sahani, zote mbili zina mabaki ya wali, akatoka nazo uani kuziosha.