Visiki Badala ya Miiba

Tluway aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, uso umemkunjamana.

"Nani amevigusa visukuku vyangu?"

"Mkuu mwenyewe," alijibu Marsela, mpiga taipu wa ofisi yao ndogo ya utafiti pale Karatu. "Jumamosi, ulipokwenda mazikoni Mbulu. Alisema unachelewesha kazi."

Miezi saba Tluway alikuwa akiyeyusha kwa asidi matope yaliyogeuka mwamba, ya ziwa la kale lililokauka upande wa Endulen, akitafuta visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yasiyoonekana kwa macho matupu. Mabaki yakituama kwenye chekeche, hakuyasugua kamwe. Aliyayumbisha majini taratibu. Kwa subira hiyo alikijua vizuri kiumbe kimoja: ganda la mviringo lenye rangi ya asali, ukuta wake si wa chokaa wala wa jiwe, bali utando mgumu uliojengwa na kiumbe chenyewe, juu yake miiba mirefu kumi na minne, mitupu ndani, kila ncha imezibwa na kugawanyika pande mbili.

Sasa kila ganda lilikuwa na visiki.

Josephati, mkuu wa ofisi, aliingia akipunga karatasi.

"Spishi mpya! Miiba mifupi, butu, iliyo wazi nchani. Itaitwa kwa jina langu. Haya, ichore niitume kwa jarida. Gari la posta linaondoka saa nane."

"Ndugu Josephati, ulivisugua kwa brashi?"

"Nilifanya kwa siku moja kazi yako ya mwezi."

"Basi tazama kingo zake. Zimechanika! Mwiba ulioota hivyo ungekuwa na ukingo laini. Hii ni spishi ile ile. Umeivunja."

Marsela aliangua kicheko. "Fahali wa baba naye alivunjika pembe. Kumbe tulikuwa na mnyama mpya zizini, tukamchinja bila kumpa jina!"

"Wewe piga taipu! Na wewe, Tluway, chora, au urudi kwenu ukalime ngano."

Tluway alijua kanuni ya wataalamu: bila mchoro au picha, jina jipya halikubaliwi, na ofisi ile haikuwa na kamera wala mchoraji mwingine. Akaketi. Kushoto alichora ganda zima. Kulia, lenye visiki, kila mchaniko mahali pake. Chini akaandika: *Spishi moja. La kulia limevunjwa wakati wa kusafishwa. Mchoraji: Tluway.*

Josephati alisoma, akaurarua mchoro vipande vinne.

"Chora upya!"

"Nitachora huo huo. Hata mara mia."

"Marsela, chora wewe!"

"Mimi ni wa taipu, mzee."

Nje gari la posta lilipiga honi, likangoja kidogo, likaondoka.

"Umefukuzwa," alisema Josephati.

Tluway alivuta kisanduku cha vioo vya hadubini vyenye maganda ya Jumamosi, akachovya kalamu, akaandika juu ya lebo ya kila kimoja, herufi kubwa: KIMEVUNJWA. Vilikuwa thelathini na viwili. Josephati alisimama mlangoni akimtazama, wala hakuthubutu kumshika mkono. Alipomaliza cha mwisho, Tluway alivaa koti, akatoka bila kuaga.