Njia ya Nyumbani Inapita Fezi

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, mwaka wa sabini na tisa, Clotilda alikuwa ameanika muhogo kwenye jamvi mbele ya nyumba, na mumewe, Mwalimu Theonest, alikuwa anang'arisha viatu vyake kwa ganda la ndizi. Dawa ya viatu ilikuwa haijaonekana dukani tangu vita vya Uganda vianze. Sabuni nayo ilikuwa ya kusimuliana. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha, lakini malori yaliyokwenda vitani yalikuwa bado yako huko huko, na aliyetaka kufika Ngara mjini alikwenda kwa miguu aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo Mwalimu aliposema anampeleka mkewe kutembea Roma, majirani waliona ni jambo la busara. Roma ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa mwisho wa mtaa wa pili.

Kijiji kile kilipimwa mwaka wa sabini na nne, wakati wa operesheni ya kuwahamisha watu, na bwana mpima aliyekuja na kamba, vigingi na filimbi. Alikuwa mtu anayeijua kazi yake na asiyependa kona. Nyumba akazipanga mistari, na mitaa akainyoosha, akainyoosha tena, mpaka ikapita kiasi. Alipokwisha kuondoka ndipo watu walipogundua kwamba mitaa haikukoma pale nyumba zilipokoma. Ukifuata wa kwanza bila kugeuka, unapita choo cha mzee Nyandwi, unapita shamba la kijiji, na kabla jasho halijakukauka uko Kairo. Wa pili ulikwenda Roma. Wa tatu ulikwenda Fezi, huko Moroko. Mzee Nyandwi aliwahi kumfuata mbuzi wake aliyekata kamba, akamkuta Kairo anatafuna kikapu cha watu. Aliomba radhi, akarudi naye, akamfunga kwa kamba nene zaidi. Mwenyekiti wa kijiji, Malongo, alilipeleka suala la mitaa wilayani, akajibiwa ashughulikie kahawa.

Hakuna mtaa hata mmoja uliokwenda Nyarukubo.

Nyarukubo ndicho kilima walikotoka wote. Zamani mtu aliweza kutoka pale kijiji kilipo sasa akafika kilimani kabla chungu cha maharage hakijaiva. Siku ya kuhamishwa, nyumba zilivutwa mapaa mbele ya macho ya wenyewe ili asiwepo wa kutamani kurudi, na watu wakapakiwa pamoja na vinu na kuku wao. Migomba iliachwa na mikungu yake. Deodata naye aliachwa. Alikuwa binti wa kwanza wa Clotilda, surua ilimchukua kabla hajajua kufunga kanga ya mwanasesere wake, akazikwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Kila kiangazi mama yake alipalilia kaburi, akalitandazia nyasi kavu kama anavyoitandazia migomba.

Baada ya kuhama ikatolewa amri kwamba mwanakijiji yeyote asikanyage kilima. Njiani kukawekwa kizuizi na mgambo. Clotilda alijaribu mara moja, na jembe lake begani. Alirudishwa, akalimishwa shamba la chama kutwa nzima, na Mwalimu akaitwa ofisini kukumbushwa kwamba mshahara wake unatoka serikalini. Kijijini watu wakazoea kumwita mke wa Mwalimu. Ni mumewe tu aliyeendelea kumwita Mama Deodata.

Kiangazi hicho alikuwa mjamzito, na tumbo limekwisha kuwa kubwa. Katika ukoo wa mama yake, kama mtoto mkubwa amelala chini, mdogo hazaliwi mpaka mama aende apalilie kaburi na kumweleza mkubwa kwamba anapata mdogo wake. Asipoelezwa, mdogo huzaliwa anatazama nyuma. Na mtoto anayetazama nyuma, kwao, hakai. Mwalimu alikuwa mtu wa ubao na chaki, na mambo hayo hakuyafundisha. Lakini alikuwa amemzika mtoto kwa mikono yake, naye hakubishana.

Yeye alitaka tu kuiona miji aliyoisimulia darasani miaka yote bila kuijua, kabla mtoto hajaja kuwafunga miguu. Clotilda alikubali kwa sababu zake. Alifikiri mitaa inayofika mbali kiasi hicho, mmojawapo huenda siku moja ukachoka, ukaangukia nyumbani.

Walikwenda Roma Jumanne. Mtu haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo Clotilda alibeba kibuyu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Walipokelewa na jua kali na mawe mengi. Mwalimu alitembea amefungua atlasi ya shule, akimwonyesha nguzo, akimtajia wafalme. Clotilda alitazama juu. Nyumba zote hazikuwa na mapaa. Kuta zilikuwapo, milango ilikuwapo, hata vizingiti vilivyoliwa na nyayo vilikuwapo, ila mapaa yalikuwa yamevutwa.

Alimwendea mlinzi wa pale, mzee mwenye kofia, akamwamkia shikamoo. Mlinzi akaitikia kwa lugha yake, wakaelewana kama watu wanavyoelewana sokoni. Clotilda alimuuliza wenyeji wa mji huu walipelekwa kijiji gani.

Mlinzi alisema wameondoka zamani sana, na kwamba hakuna ajuaye.

"Na makaburi yao anayapalilia nani?"

Mlinzi akaonyesha paka waliolala ukutani. Clotilda alisikia uchungu kwa ajili ya watu wale waliokuwa na nguzo nzuri namna hiyo. Alipiga magoti na tumbo lake, akang'oa majani kando ya ukuta mmoja mpaka Mwalimu alipomwambia kwamba jua limezidi. Kibuyu walikinywa na mlinzi, kwa zamu, maana mirija ilikuwa miwili tu.

Kairo walikwenda Alhamisi. Mwalimu aliyatazama mapiramidi kwa muda mrefu na kusema ni makubwa kuliko alivyowaambia wanafunzi, itabidi awaombe radhi muhula ujao. Clotilda alikaa kivulini mwa jiwe. Aliposikia kwamba kilima chote kile ni kaburi la mtu mmoja, na kwamba watu kutoka kila nchi huruhusiwa kulizuru, aliinuka, akataka warudi nyumbani. Usiku ule alilia, na Mwalimu akamshika mkono.

Jumamosi Clotilda alikwenda duka la ushirika kuulizia chumvi. Halfani, mwuza duka, mtu wa Biharamulo ambaye babu zake walitoka pwani, hakuwa na chumvi, na mtu asiye na cha kuuza huwa na mengi ya kuzungumza. Alimweleza kwamba wakati wa mfungo alikwenda Fezi kuswali, na alipotoka msikitini alipotea mpaka magharibi. Alisema mji ule hauna njia inayonyooka nyumba tatu. Kila ukitaka kwenda mbele unapinda, na kila ukipinda unapinda tena.

"Kama njia ya Nyarukubo," alisema Clotilda.

Halfani alifikiri, akasema naam, kama njia ya mlimani.

Clotilda alirudi nyumbani bila chumvi. Alichukua jembe, akalikata mpini uwe mfupi wa kufichika katika kanga, akamwambia mumewe avae viatu. Mwalimu aliuliza wanakwenda wapi. Alimjibu wanakwenda Fezi, ila yeye asisome atlasi, amfuate tu.

Mtaa wa tatu ukawatoa kwenye lango la mji, katikati ya punda na watu waliovaa majoho. Clotilda alisimama penye kichochoro cha kwanza, akavuta pumzi. Kisha akatembea. Pale ambapo njia ya nyumbani ilipinda kushoto penye kichuguu, alipinda kushoto, na badala ya kichuguu palikuwa na rundo la masufuria ya shaba. Palipokuwa na mti wa jirani Minani uliopigwa radi, alipinda kulia, akapita mwuza ndimu. Alishuka ngazi pale ambapo njia ya nyumbani ilishukia kijitoni, akainua kanga kama mtu anayevuka maji, na mafundi wa ngozi wakampisha. Alizunguka kisima kama alivyokuwa akilizunguka zizi la jirani mwingine, Tomasi. Mwalimu alimfuata, viatu vikilia kwenye mawe. Mara mbili alidhani wamepotea, akaongeza mwendo asiachwe. Ndipo harufu ya ngozi ikapungua, ukuta wa kulia ukawa wa matete, na kona iliyofuata waliipinda wakiwa kwenye migomba.

Ilikuwa imezidiwa na majani, lakini ilikuwa ya kwao.

Juu ya kilima alikaa Shibuda, mgambo, Msukuma aliyekuwa amerudi kutoka Uganda na risasi kwenye kisigino. Kwa vile hakuweza kutembea mbali, alikuwa amepewa kilima akilinde. Aliwaona wakitokea upande ambao hauna barabara, akanyanyuka kwa fimbo yake, akauliza wamepita wapi.

Mwalimu alisema wamepita Fezi, huko Moroko.

Shibuda alilipima jambo hilo. Amri aliyopewa ilisema mwanakijiji asikanyage. Juu ya watu wanaotoka nchi za nje haikusema kitu, na wageni, kila mtu anajua, hupokewa. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuwa mgeni, tena mwenye bunduki, na ng'ambo ya mto Kagera bibi mmoja alimpa mkungu wa ndizi bila kumuuliza jina. Akawaletea kiti chake. Akamsogezea Clotilda, akaomba radhi kwamba ni kimoja.

Clotilda hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mahali palipokuwa nyumba, akatoa jembe, akapalilia. Alipalilia taratibu kwa sababu ya tumbo, akakusanya nyasi kavu, akazitandaza, akazisawazisha kwa viganja kama anayetandika kitanda. Kisha akakaa chini, miguu ameinyoosha.

"Deodata," alisema, "unapata mdogo wako. Usimwite. Mwache kwanza akae na sisi."

Mwalimu alisimama kando, kofia mkononi. Kisha naye akainama, akaongeza nyasi. Upepo mdogo ukapita kwenye migomba. Clotilda alikuwa na furaha, furaha ya waziwazi, ambayo mumewe alikuwa hajaiona tangu siku ya kuhamishwa, na aliyafuta machozi yake kwa upindo wa kanga bila kuyaficha.

Shibuda aliwaacha mpaka wakamaliza. Kisha, kama adabu inavyotaka kwa mgeni, akauliza habari za safari, na kwao hasa ni wapi.

Mafiga ya Clotilda yalikuwa palepale, hatua chache kutoka mguuni pa mgambo, bado meusi. Aliyatazama. Kisha akainua mkono akaonyesha bondeni, ambako moshi wa jioni wa kijiji ulikuwa unapanda katika mistari iliyonyooka.

"Tunaishi pale," alisema.

Shibuda aliutazama moshi kama mtu aliyewahi kutembea hadi nchi nyingine na kurudi.

"Huko ni mbali, mama," alisema. "Pumzika kidogo."

Walipumzika. Jua lilipokaribia kuzama Shibuda aliwakumbusha kwamba mgeni hurudi kulala kwao, wakaaga, wakarudi kwa kupitia Fezi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, wa kiume, akitazama mbele. Wakati huo akina mama wa mitaa yote mitatu walikuwa wamekwisha kujifunza kona, na wauza shaba wa Fezi walikuwa wamezoea kuwapisha wanawake wenye majembe. Malongo aliitisha mkutano, akasoma amri upya kuanzia mwanzo, na watu wakaisikiliza vizuri. Mgambo wa kizuizini alilalamika kwamba siku hizi hapiti mtu. Shibuda yeye aliandika wilayani kuomba viti zaidi, akieleza kwamba kilima kinapata wageni wengi kutoka nje. Viti vililetwa wiki ileile.