Mkono wa Kushoto wa Atupele

Kompyuta ya mapokezi pale zahanati ya Chole ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wajawazito walikuwa wamejaa kwenye benchi tangu asubuhi. Atupele, fundi wa kompyuta kutoka Kibaha, alishuka kwenye bodaboda, sketi matope mpaka magotini, blauzi imelowa maziwa kwa sababu mwanawe, Ipyana, alibaki kwa mama mwenye nyumba kule Mkuza. Muuguzi Mwanaamina alikiondoa kile kitambaa taratibu, kama anayemfunua mgonjwa.

Programu ya kliniki ilikataa kufunguka. Ilisema maktaba iitwayo libtarehe, toleo la kwanza, haipo. Mwanaamina akauliza maktaba gani tena, na wao hata kabati la vitabu hawana. Atupele akamweleza kwamba ni faili moja tu linalotumiwa na programu nyingi, kama mbuzi ya kukunia nazi inayozunguka nyumba zote za uani; mmoja akiitupa, wote wanakula wali mkavu.

"Na hii kaitupa nani, mdogo wangu?"

"Mimi, dada. Nilitumwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Bwana Fabian, mkuu wake pale Kibaha, aliagiza mashine za zahanati zote zipandishwe toleo kwa mpigo, kwa njia ya mtandao, watu wakiwa wamekaa ofisini, gari lisihangaike. Atupele aliomba Chole ijaribiwe kwanza, maana programu yao ni ya zamani na aliyeiandika hajulikani aliko. Akaambiwa apunguze visingizio. Libtarehe mpya ikaingia, ya zamani ikafutwa.

Sasa akajaribu kuipa ile mpya jina la ile ya zamani. Programu ikafunguka, ikampangia Mwamini, ambaye tumbo lilikuwa limemfika kifuani, kwamba atajifungua mwaka juzi.

"Basi niacheni nikamnyonyeshe," Mwamini alisema, na benchi zima likacheka kichovu.

Atupele akaliondoa jina la bandia. Akaitafuta ya zamani kila mahali. Mtandao ulikuwa unakuja na kukata. Mwisho akaiegemea mashine, kiganja cha kushoto juu yake, akafumba macho. Programu ikafunguka. Alipoiuliza mashine maktaba imeipata wapi, ikajibu palepale inapojibia siku zote: libtarehe, toleo la kwanza, Atupele, mkono wa kushoto. Mwanaamina akasoma, akaguna, akamrudisha Mwamini dirishani. Tarehe aliyopewa ilikuwa ya kweli.

Mkono haukulazimika kubaki Chole. Atupele alirudi Kibaha na kazi ikaendelea. Siku za kliniki, kila mama alipofika dirishani kule Chole, kiganja kilipata joto, naye, awe anakoroga uji au yuko kikaoni, alinyamaza, hasikii haoni, akapiga hesabu, akaitaja tarehe ya kujifungua ya mama wa watu, kisha akaendelea alipoachia. Ofisini walizoea. Mtu wa masjala alikuwa akimshikia chai isimwagike.

Aliomba programu iandikwe upya. Bwana Fabian alimtazama kwa upole kabisa.

"Mama Ipyana, si inafanya kazi? Sasa tuiguse ya nini?"

Kwenye taarifa yake mkuu huyo aliandika kwamba zoezi la kupandisha toleo limefanikiwa kwa vituo vyote.

Siku moja Atupele aliomba ruhusa, mtoto ana mafua. Alikuwa amepiga magoti sebuleni pale Ipyana alipokiachia kiti cha plastiki, akasimama peke yake kwa mara ya kwanza, akanyanyua mguu. Kiganja kikapata joto.

"Tarehe tisa, mwezi wa tatu," Atupele alisema.

Alipozinduka, mtoto alikuwa keshafika, amemshika kidole, anasubiri kusifiwa. Mama mwenye nyumba alisimulia kutoka mlangoni kwamba katembea vizuri, hakuyumba hata kidogo.

Atupele akamfuta kamasi, akamrudisha kitini, akamsimamisha. Akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akapiga magoti tena, akamfungulia mikono yote miwili. Ipyana akacheka, akakiachia kiti. Ule wa kushoto ulikuwa umeshaanza kupata joto. Chole benchi lilikuwa bado limejaa.